Kuitikia si kurudia: elimu kwa walimu na walezi kuelekea Juni 16

Maandalizi ya Siku ya Mtoto wa Afrika yameanza, na malalamiko nayo yameanza. Wazazi wa Nyamagana na Ilemela, mkoani Mwanza, Tanzania, wanasema watoto wa darasa la awali wanarudi kutoka mazoezini sauti zimewakauka. Walimu kwa upande wao wanasema watoto "hawashiki". Chanzo ni kimoja.

Walimu wengi hutamka mstari, watoto wakaurudia, kisha hapo wakasema wamefundisha wimbo wa kuitikia. Huko ni kukaririsha. Katika wimbo wa kuitikia, manju, yaani kiongozi wa wimbo, hubadili wito na watoto hubaki na kiitikio kilekile. Kwa hiyo anza na kiitikio. Kiwe kifupi, silabi 3 hadi 6:

Sato yuko wapi? — Ziwani!
Sangara yuko wapi? — Ziwani!

Kishindo cha mguu kiangukie kwenye WA, maana Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukikiweka kwenye ZI, wimbo utavutana na ulimi wa mtoto na darasa zima litachelewa.

Siku ya kwanza mwalimu aimbe sehemu zote mbili mara 3 au 4, watoto wakijipigapiga magotini kwa viganja, ndipo wapewe kiitikio peke yake. Siku ya pili aite, kisha anyamaze. Hapa ndipo panapoharibika: mwalimu akiitikia pamoja nao, watoto hujifunza kumngoja yeye. Nyoosha kiganja kuelekea kwao nusu pigo kabla ya zamu yao ili wavute pumzi, halafu funga mdomo. Wakichelewa, wito uendelee bila kusimama. Mara ya tatu au ya nne watadaka. Siku ya tatu badilisha samaki: furu, kambare, dagaa. Kisha ita ghafla, "Mbuzi yuko wapi?" Darasa linalosikiliza litasita au kucheka. Linalokariri litamtosa mbuzi ziwani.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Saa nzima juani uwanjani haiongezi kitu.

Kuhusu sauti, mtoto wa miaka 4 hadi 6 huimba bila shida ndani ya noti tano hivi. Kwenye kinanda ni kuanzia D iliyo juu ya C ya kati hadi A. Mwalimu wa kiume akianzisha kwa besi yake, watoto humfuata chini mpaka wimbo unageuka mngurumo. Aanzishe kwa sauti nyembamba, au ampe umanju mtoto anayeshika sauti vizuri. Na ile amri ya "Sisikii! Tena!" tunaomba ikome. Ndiyo inayokausha makoo. Mtoto akipiga kelele hasikii wenzake, na asiyesikia wenzake hawezi kuingia kwa wakati. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 2, apelekwe kituo cha afya.

Sasa taratibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu pia mtoto anayerekodiwa, na ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Iwe ya maandishi, nakala mbili, moja ibaki shuleni na moja kwa mzazi, itaje video itaonyeshwa wapi na nani ataitunza. Kurusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa nako ni kusambaza. "Ni watoto wetu wenyewe" si ridhaa, na tumechoka kulieleza hili.

Vikundi vinavyoalikwa harusini kwa malipo vikumbuke Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009: kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kumekatazwa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini au kufungwa. Ratiba ya ukumbi ikichelewa, watoto waimbe mapema au warudishwe nyumbani.

Fomu za ridhaa zimfikie mwalimu mkuu kabla ya siku ya kurekodi, si baada ya video kusambaa.