"Baridi ya Afrika haiui" na uongo mwingine wa mlimani

Mwezi wa sita ukikaribia, mvua ikianza kupungua, vijana wa Goma wanaanza kuandikiana: wikendi hii tunapanda. Ni kundi la watu sita au nane, tente mbili za kuazima, spika ya muziki, na lazima kuko rafiki mmoja mwenye anasema anajua njia yote. Mimi ni muuguzi, na wakati volkano yetu ya Nyiragongo ilikuwa wazi kwa wapandaji nilikuwa nasindikiza watu juu, njo maana wananipigia kuniuliza wabebe nini. Nikitaja neno baridi tu jibu ni lile lile: "Dokta, huku ni Afrika, ikweta iko hapa karibu, baridi itatufanya nini?" Nimelisikia mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika, na mwenye ataniuliza tena namtumia hii asome.

Baridi ya huku inaua. Mwezi wa pili mwaka 1908, Mjerumani mmoja mtaalamu wa mawe, Egon Kirschstein, alikuwa na msafara wake kule Karisimbi, mlima huu huu tunauona kutoka hapa mjini hewa ikiwa safi. Dhoruba ya theluji na mvua ya mawe ikawakuta juu, na wapagazi wake 20 wakafa kwa baridi. Watu ishirini, tena watu wa kubeba mizigo kila siku, wenye miguu na mapafu ambayo wewe na mimi wa kupanda pikipiki kwenda dukani hatuna. Na si mbali: Karisimbi iko mpakani kwetu na Rwanda, mita 4,507, na kuko asubuhi unaamka unakuta kichwa chake cheupe, kisha saa nne hivi weupe umeisha na watu wanasahau. Ukienda kaskazini zaidi, Ruwenzori, kilele cha Margherita mita 5,109, upande huu Congo upande ule Uganda, barafu iko pale mwaka mzima na watu wanafungaka vyuma vyenye meno chini ya viatu ili wasiteleze. Ikweta inapita pale pale karibu, na barafu haijaiuliza ruhusa.

Kinachohesabu ni urefu wa mlima. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kama digri 6 na kitu. Goma tuko kama mita 1,500, ukingo wa Nyiragongo ni 3,470, piga hesabu mwenyewe: usiku wa digri 15 hapa mjini, kule juu unakuwa digri 2 au 3. Na mwanzo wa kiangazi watu wanadanganyika zaidi sababu mchana ni jua tupu, mawingu hakuna, lakini mawingu yakikosekana usiku hakuna blanketi ya kuzuia joto lisiondoke, njo maana usiku wa mwezi wa sita na wa saba unauma kuliko ule wa mvua.

Sasa hapa ndipo wananishinda kabisa. Wakishakubali kwamba juu kuna baridi, wanasema "lakini si barafu, hatuwezi kufa". Jamani, hauhitaji barafu! Digri 8, nguo zimelowa, na upepo, basi, inatosha kabisa. Mwili wako unataka kubaki kwenye 37, ukishuka chini ya 35 tayari uko mgonjwa, na kitu kinachoushusha haraka ni maji kwenye ngozi pamoja na upepo. Na hayo maji si lazima yatoke mbinguni. Unapanda saa tano na jinzi na tisheti ya pamba, unatoka jasho mgongo wote, unafika juu saa kumi unafurahi, unakaa chini kupiga picha na kutafuta rezo ili uzitume, upepo unapita kwenye tisheti mbichi, na jua linazama hapa kwetu kwa haraka. Pamba ikilowa inashika maji haiachi, ni sawa na kujifunga kitambaa kibichi mwilini na kukaa mlangoni.

Nilimuona kijana mmoja hivyo, kwenye ukingo, wenzake wanaimba. Alikuwa anajaribu kufunga zipu ya jaketi. Anashika kile kichuma, kinamponyoka, anashika tena, anakosa, anacheka. Namuuliza vipi, ananijibu "nko sawa" lakini maneno yanatoka mazito sawa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Wenzake wakasema ni uchovu. Haikuwa uchovu. Vidole kukataa kazi ndogo, ulimi kuwa mzito, kujikwaa mahali pa tambarare, kunyamaza ghafla au kununa bila sababu, hizo njo alama, na mwenye nazo ni wa mwisho kuzijua, juu ubongo wake pia umepoa. Tulimvua zile nguo mbichi, tukamvika kavu za mwenzake, tukamkalisha juu ya sako, begi zetu, na mikeka ili asiguse mawe, kofia kichwani, shitingi, turubai letu, ikamzunguka, akanywa chai ya sukari nyingi. Ilichukua muda kabla aanze kutetemeka vizuri, na nilishukuru alipotetemeka.

Ndiyo, nilishukuru. Watu wanaogopa kutetemeka, wanafurahi mtu akiacha. Ni kinyume! Kutetemeka ni mwili unachoma mafuta yake ili ujipashe moto. Mtu aliyekuwa anatetemeka sana kisha akaacha, na bado hajapata joto, na anasema sasa anajisikia vizuri anataka kulala, huyo yuko kwenye hatari kubwa, usimwache alale peke yake, usimsimamishe atembee kwa nguvu, usimsugue mikono na miguu sawa unafua nguo. Mfunike, mlaze, mwite msaada, mbebeni polepole. Chai ni kwa mtu mwenye anaweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza, kama hawezi usimmiminie kitu mdomoni.

Na sasa kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Kila kundi kuko mzee wa miaka 24 mwenye amebeba kichupa "cha kupasha moto". Nimeeleza hii mpaka sauti ikakauka. Pombe inafungua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, njo sababu unajisikia uso umewaka, lakini ile joto umeisikia kwa ngozi sababu inatoka, inaenda, umeilipia hewa ya mlima. Ndani unapoa. Pia inapunguza kutetemeka, na inakuondolea akili ya kuona kwamba mambo yanaharibika. Unajisikia moto zaidi wakati unapoa haraka zaidi, sijui kama kuko uongo mbaya kuliko huo. Viski ni vile vile, kasiksi ni vile vile, eti "kidogo tu" ni vile vile. Kunyweni mkirudi, hapa mjini, mimi mwenyewe nitakuja.

Ndugu wa kanyanga ni mbabula, jiko la makala, yaani la mkaa. "Makala yakishaiva hayana moshi, tunaweza kuingiza ndani ya tente." Hapana hapana hapana. Moshi unauona, unakuchoma macho, unatoka nje, kwa hiyo moshi ni rafiki yako. Chenye kinaua ni monoksidi ya karboni, haina rangi, haina harufu, na makala mekundu bila moshi yanaitoa vizuri sana. Inaingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakuja, na kwa sababu mko mlimani mnasema ni mwinuko, mnalala. Asubuhi wengine hawaamki. Kufungua zipu ya tente kidogo haitoshi. Mbabula inabaki nje, hata mvua ikinyesha, hata kama kuna mtoto wa mtu analia baridi. Hata nyumbani ni hivyo hivyo, lakini hiyo ni vita yangu nyingine.

Mkitaka joto ndani ya tente, kuko njia yangu na sitaacha kuihubiri: soksi kavu moja ambazo hazivaliwi mchana, zinafungwa ndani ya sashe, zinakaa chini kabisa ya sako, zinatoka saa ya kulala tu. Pamoja na triko ya pola, sweta laini ya manyoya, zile za balo za mitumba, ukipekua sokoni Virunga hukosi, nyepesi na hata ikilowa inapasha kidogo. Na mfuko mkubwa wa plastiki wa takataka, unatoboa tundu la kichwa na la mikono, umepata koti la mvua na la upepo. Watu wananicheka na ule mfuko. Wacheke.

Ya mwinuko naipitia haraka. "Mimi nachezaka mpira, kichwa hakiwezi kuniuma." Ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli. Ukipita mita 2,500 hivi unaweza kumpata yeyote, na mara nyingi wenye nguvu njo wanaumia, sababu wanapanda mbio na wanaona aibu kusema. Kichwa kuuma pamoja na kutapika au kukosa hamu ya kula: usipande tena. Ikizidi, au mtu ameanza kuyumba, au anahema ilhali amekaa, mshusheni hata kama ni usiku. Dawa ya kichwa haibadilishi kitu hapo, dawa ni kushuka.

Radi. Naambiwa inafuata nguo nyekundu, inafuata telefone, au jirani ameituma. Milima yetu ya Kivu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo jirani yako hahitaji kujisumbua. Inapenda kitu kirefu kilichosimama peke yake, yaani wewe ukiwa juu ya mgongo wa kilima, au ile mikaratusi miwili mnayokimbilia kujificha chini yake. Shukeni kutoka kwenye mgongo, mkae mbalimbali, mbali na miti mirefu ya peke yake. Ukivaa nyekundu vizuri zaidi, tukikutafuta tutakuona.

Mazuku, ile gazi ya mashimoni yenye inaua, nayo lazima niseme, sababu watu wa kulala nje wanatafutaka shimo ili wakwepe upepo, na upande wetu huu wa mawe ya lava shimo si mahali pa kulala. Wengine wanasema "tutasikia harufu". Ile gazi ni kaboni dioksidi, inatoka chini ya ardhi, ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mabonde madogo sawa maji, na haina harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, njo inajikusanya zaidi. Wengine wanasema watawasha mshumaa, ukizima watakimbia. Mpaka mshumaa uzime wewe umeshaanza kuishiwa pumzi na miguu haikimbii vizuri. Ukiona panya au ndege wamekufa mahali pa chini, usishuke kuangalia. Na kama mwenzako ameanguka ndani, najua hii ni ngumu, usiruke kumfuata, juu hivyo njo wanakufa wawili watatu mahali pa mmoja. Tente inakaa palipoinuka, upepo mtauzuia na shitingi.

"Maji tutakuta njiani." Wapi? Mawe ya volkano yanakunywa mvua yote, njia ya Nyiragongo haina kijito hata kimoja, tulikuwa tunabeba kila tone kutoka chini. Mtu mmoja lita tatu kwa kulala usiku mmoja, na chai ihesabiwe pembeni. Kwa hiyo na lile shauri la "ukipotea fuata mto" halina kazi kule, hakuna mto wa kufuata. Ukipotea simama, vaa kila kitu kabla haujasikia baridi, na piga filimbi.

Na telefone, basi ni ya mwisho hii maana najua mnanisoma nayo. Batri ikipoa inazima hata ikiandika 40, ilale mfukoni mwa ndani karibu na tumbo, si kwenye sako, si mkononi inapiga muziki usiku kucha. Mwachieni mtu mmoja mjini majina yenu, njia mnayopita na saa ya kurudi, mtu wa kweli, mama au dada mkubwa, si rafiki mwenye atasema "labda wamelewa" na kurudi kulala. Mkikubaliana kupiga saa kumi na mbili, saa moja haijalia awe ameshaanza kusumbua watu.