Je, wajua kwa nini kasi ya molekuli hupimwa kwa umbali badala ya saa?

Mwanga ukiingia jichoni, kwanza hupokewa na retinali, molekuli iliyopinda ndani ya protini ya rodopsini. Ikipata mwanga, inanyooka. Mwaka 1991 watafiti wa Berkeley, California, walionyesha kwamba kazi hiyo huisha ndani ya femtosekunde 200. Femtosekunde 1,000,000,000,000,000 ndizo zinazofanya sekunde moja, na hakuna saa ya umeme inayoweza kufuata kasi hiyo. Walijuaje basi?

Walitumia umbali. Kwa femtosekunde moja mwanga husafiri mikromita 0.3 tu. Kwa hiyo mapigo mawili ya leza hutumwa kwenye sampuli: la kwanza, lenye nguvu, huamsha molekuli, la pili, dhaifu, hufuata, kisha hupimwa limefyonzwa kiasi gani. Mojawapo hupitia vioo vya kuakisi vilivyofungwa kwenye reli. Vioo vikirudishwa nyuma mikromita 15, mwanga unakwenda na kurudi, njia inarefuka mikromita 30, na pigo linachelewa femtosekunde 100. Unapima, unasogeza, unapima tena. Kwa kazi ya namna hii Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1999.

Ugumu uko kwenye utekelezaji. Badiliko la ufyonzaji mara nyingi ni kama sehemu moja kwa elfu, hivyo gurudumu lenye matundu huziba pigo la kuamsha kila baada ya moja, na kompyuta hulinganisha ufyonzaji likiwepo na lisipokuwepo. Sampuli ya rodopsini lazima itiririke, maana retinali ikishanyooka hairudi yenyewe. Ukiiacha imetulia, unapima mabaki.

Kioo kinachopitisha mwanga nacho ni adui. Pigo fupi lina rangi nyingi, na ndani ya kioo nyekundu hutangulia bluu. Pigo la femtosekunde 10 lenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 likipita milimita 5 za kioo cha kwatzi hutoka likiwa na takriban femtosekunde 50.

Kosa baya kuliko yote ni reli iliyopinda kidogo. Vioo vinaposogea, doa la mwanga linahama, mapigo hayakutani vizuri, na ishara inapungua taratibu kana kwamba molekuli inatulia. Kabla ya kuamini mchoro wowote wa vipimo, weka kamera ndogo mahali pa sampuli, sogeza reli mwanzo hadi mwisho, uone kama doa limebaki palepale.