Mtu wako aliyeumia uti wa mgongo mleteni uwanjani Jumamosi

Tarehe 5 Septemba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya watu walioumia uti wa mgongo, na sisi wa kitengo cha utengamao, yani tunaowarudisha watu kwenye maisha yao baada ya kuumia, huwa tunaitumia kutoa elimu. Safari hii naandika kwa sababu ingine: simu zimekuwa nyingi. Ndugu wanapiga kulalamika kwamba tunawachosha wagonjwa wao, eti mtu kavunjika mgongo afu nyie mnamwita uwanjani Jumamosi akacheze mpira wa kikapu kwenye kiti mwendo, na wengine hawapigi hata simu, wanamzuia tu. Mwezi huu tumetembelea nyumba kadhaa hapa Moshi na vijijini tukakuta vijana waliotoka wodini wakiwa vizuri kabisa wamelala chumbani, dirisha limefungwa, na mama anasema kwa upendo wote, "Dokta nimemwacha apumzike".

Mama yangu, huyo hapumziki, huyo anaharibika.

Tuanze na hilo neno mgonjwa. Tukimruhusu mtu kwenda nyumbani maana yake mfupa umeshatulia, na kazi iliyobaki ni kuishi na mwili ambao kuanzia pale alipoumia kushuka chini hauleti taarifa. Haumwambii kwamba amekalia sarafu, kwamba chai imemmwagikia mapajani, wala kwamba kibofu kimejaa. Hiyo kazi ya kuishi haifundishiki kitandani. Na jingine ambalo sikutegemea kulieleza mpaka leo ila bado tunaulizwa: kuumia uti wa mgongo kwa ajali sio homa ya uti wa mgongo. Ile homa ni maambukizi. Huyu alianguka kwenye mti akikata matawi, au alikuwa kwenye bodaboda, na huku kwetu Kilimanjaro hizo ndo sababu mbili tunazoziona sana. Hawezi kumwambukiza mtu yeyote, kwahiyo wale mliomtengea kikombe chake mrudisheni mezani.

Shirika la Afya Duniani linasema duniani kuna watu zaidi ya milioni 15 wanaoishi na hali hii. Kinachowaua sio uti wenyewe. Ni vidonda vya mgandamizo vinavyoingia usaha mpaka mfupani, ni maambukizi ya njia ya mkojo yanayopanda hadi kwenye figo, na ni upweke, mtu anakata tamaa anaacha kujigeuza anaacha kunywa maji anaacha kula. Hayo matatu yote yanashamiri mtu akiwa peke yake chumbani, na yote matatu yanapungua akiwa katikati ya wenzake. Ndo maana tunasema mchezo ni tiba, na sio sisi tulioanzisha. Kabla ya vita vya pili vya dunia walioumia uti wengi walikuwa hawafiki mbali, wanakufa na vidonda na figo. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, akafungua wodi ya uti wa mgongo pale Stoke Mandeville Uingereza mwaka 1944, akakataa watu walazwe tu wangoje kufa. Aliwageuza usiku na mchana, akawatoa kitandani, akawapa michezo kama sehemu ya matibabu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki inafunguliwa London, yeye akafanya mashindano ya upinde kwa watu 16 walio kwenye viti mwendo. Mwaka 1960 yakafika Roma, wachezaji 400 kutoka nchi 23, na hiyo ndo ikawa Paralimpiki ya kwanza. Kwahiyo mkisikia tunawaita kwenye kikapu msidhani tunawatafutia watu kitu cha kupotezea muda.

Ntawapa mfano mmoja wa juzi juzi tu. Kijana alikuja uwanjani mara ya kwanza, kaletwa na bajaji, mama yake pembeni na mwavuli. Hajagusa hata mpira. Mzee mmoja wa kikundi chetu cha mazoezi, yeye mwenyewe yuko kwenye kiti zaidi ya miaka 20, alikuwa anamwangalia tu kwa mbali, afu akajisogeza akamuuliza, "Mdogo wangu, mara ya mwisho umejikagua lini na kioo?" Kijana akanyamaza. Mzee kaona jinsi anavyokaa, kaegemea upande mmoja, nyonga imepanda. Wakaenda nyuma ya pazia, wakapiga picha na simu, kwenye mfupa wa makalio kuna doa jekundu kama ukubwa wa sarafu ya mia mbili, ukibonyeza halibadiliki rangi. Hapo ngozi bado haijafunguka. Siku zile zile ukimlaza kifudifudi na ukamtoa kwenye kiti, linapona. Ungemwacha wiki mbili ungekuwa na shimo linaloingia ngumi, na miezi ya kulazwa. Na aliyeliona sio mimi mwenye cheti, ni mwenzake ambaye amewahi kuugua hilo hilo. Kliniki yetu ya marudio mtu anakuja mara moja kwa miezi mitatu tukimwona dakika 20. Kikundi kinamwona kila wiki.

Na alikuwa amekalia nini? Tyubu ya gari. Hili la tyubu limenichosha kusema ukweli, tumelisema wodini, tumelisema redioni. Tyubu au mto wenye tundu katikati unabana damu pembeni na unaongeza kidonda, haupunguzi. Tumia mto tuliokupa, sponji ngumu ya kukatwa kwa vipimo, na kama sponji imelala, imebonyea mpaka unahisi ubao chini, lete tubadilishe. Hata na mto mzuri lazima ajiinue kila robo saa hadi nusu saa, akiwa hawezi kwa mikono basi ainame mbele kifua kifike mapajani, na akae hivyo dakika moja mbili, sio kunyanyuka sekunde moja na kurudi. Kitandani ageuzwe kila masaa mawili. Uwanjani hatuna haja ya kuwakumbusha, mmoja akijiinua wote wanajiinua.

Kuhusu jua na kuchoka, hapo mna hoja na sitaki kuipuuza. Aliyeumia juu, T6 kwenda juu, yani kuanzia pingili ya sita ya uti wa mgongo eneo la kifua kupanda shingoni, mwili wake hautoi jasho vizuri chini ya pale alipoumia, kwahiyo joto linampanda haraka bila yeye kujua. Ndo maana tunaanza mapema na tunakuwa na chupa ya kupulizia maji, kivuli, na kofia. Hao hao wa T6 kwenda juu wana jambo lingine ambalo kila mtu nyumbani lazima alijue, hata mtoto wa darasa la tano: akianza ghafla kuumwa kichwa kwa nguvu, uso unakuwa mwekundu au anatoka jasho kichwani na shingoni, presha imepanda vibaya kwa sababu kuna kitu kinamsumbua chini ambacho hakihisi. Usimlaze! Mkalishe wima, miguu ining'inie, legeza mkanda na viatu, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au mfuko umejaa, kama anatumia mpira wa kuingiza na kutoa mtoe mkojo hapo hapo, angalia na choo na kama kuna kitu kinambana. Isiposhuka ndani ya dakika chache ni hospitali, na ukifika usikae foleni, sema wazi aliumia uti T6 kwenda juu na presha imepanda. Watu wamepata kiharusi kwa sababu ndugu walidhani ni malaria wakamlaza wakaenda kununua dawa ya maumivu.

Wanaojitoa mkojo wenyewe, ni kila masaa manne hadi sita na mikono imeoshwa kwa sabuni, na Jumamosi pia inahesabika, uwanjani kuna sehemu ya faragha. Msipunguze maji ya kunywa ili mtu asisumbue njiani, hapo ndo mnaharibu figo.

Sasa viti vya michezo, maana hapa ndo malalamiko mengine yapo. Vile viti ambavyo magurudumu yamelala kwa ndani juu ni vya mpira wa kikapu, havitoki uwanjani na hatumpi mtu aende navyo nyumbani, haijalishi ni mdogo wa nani. Vya kuazima ni vya kawaida, na utaratibu ni huu. Unakuja mwenyewe, sio kutuma ndugu, kwa sababu tunapima upana wa nyonga, urefu wa paja na wa mguu, kiti kikiwa kipana mgongo unapinda. Unajaza fomu nakala mbili, moja inabaki kwetu, moja unapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji agonge mhuri na unairudisha ndani ya siku 14, isiporudi tunapiga simu, tukipiga mara mbili bila jibu kiti kinafuatwa. Unaleta mdhamini mmoja mwenye kitambulisho cha NIDA. Kila miezi mitatu kiti kinarudi kukaguliwa breki, bearingi na matairi. Pancha na spoku ni juu yako, fundi baiskeli yeyote anaweza, fremu ni juu yetu, ila fremu iliyopinda kwa kubebea madumu ya maji tunaijua na hiyo utalipia. Kiti kikiuzwa tunaandika barua kwa mwenyekiti na kwa mdhamini, tunatoa taarifa polisi maana ni mali ya taasisi, na aliyeuza anaondolewa kwenye orodha ya kuazima. Ila msielewe vibaya, hata huyo aliyeondolewa anakaribishwa uwanjani. Hatujawahi kumfukuza mtu kwenye mazoezi na hatutafanya hivyo.

Mafundi wa viti tunao hapa hapa, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC kimekuwa ikifundisha mafundi sanifu wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika, wanafundisha na mambo ya viti mwendo pia. Na kuna KASI, chama cha wenyewe waliovunjika uti wa mgongo Kilimanjaro. Msikae mkisema hakuna watu wa kuwasaidia.

Kuhusu mchezo wenyewe, goli ni lile lile la mita 3.05, wachezaji watano, unaruhusiwa kusukuma magurudumu mara mbili afu lazima udunde. Kila mchezaji ana pointi kuanzia 1 mpaka 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, na watano walioko ndani jumla yao isizidi 14. Yani timu haiwezi kujaza wenye nguvu peke yao, aliyeumia zaidi anahitajika ndani ili hesabu ikubali. Nimeona watu waliokuwa wanajiita mzigo wakielezwa hili afu wakanyamaza muda mrefu.

Asiyeweza kikapu kwa sababu mikono nayo imeguswa asibaki nyumbani, kuna drafti, bao, na kuna kupiga stori tu. Na maisha sio Jumamosi peke yake. Kama alikuwa kwenye kwaya arudi kwaya. Kama alikuwa anaenda banda umiza kuangalia Simba na Yanga, basi mwenye banda aombwe aweke ubao mlangoni, ni mbao mbili na misumari. Vikoba, harusi, misiba, aende, akae na watu. Kuna mama mmoja aliniambia mwanae amelia siku alipoombwa kuwa mweka hazina wa kikundi cha mtaa, kwa sababu tangu aumie hakuna mtu aliyemwomba kitu chochote.

Madereva wa bajaji, nanyi nawaomba. Mtu asivutwe kwa mikono wala kuburuzwa kwenye siti, ngozi ya makalio inachanika na bega linateguka, na huyu bega ndo mguu wake. Muulizeni yeye anataka kubebwaje, atawaelekeza, wengi wanajihamisha wenyewe mkisogeza bajaji karibu na kushika kiti kisitembee.

Kisheria pia hili sio fadhila. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inazungumzia michezo, burudani na utamaduni waziwazi, afu tukawa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010. Ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na maswali ya vigezo pelekeni kwa afisa maendeleo ya jamii, sio kwetu, sisi hatugawi mikopo. Jengo la umma likiwa halina njia ya kupita kiti anzeni kwa afisa ustawi wa jamii, kwa maandishi, mbaki na nakala.

Jumamosi tunaanza saa mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Aje na mto wake, kioo kidogo cha mkono, maji lita moja na nusu, mpira wa mkojo na sabuni, na nguo ya kubadilisha. Mama au mke anayemuuguza aje pia, kuna benchi kivulini na wenzake watakuwepo, na kwa masaa matatu ya mazoezi hatumwombi afanye kitu.