Karatasi ya Kura na Tawi la Barabarani

Ninapowafundisha wanafunzi wa usanifu wa michoro hapa Kampala namna alama zinavyobeba maana, hupenda kuanza na karatasi ya kura, kwa kuwa juu yake hukutana aina zote tatu za alama alizozibainisha mwanafalsafa wa Marekani Charles Sanders Peirce. Picha ya mgombea ni taswira, kwani hueleweka kwa kufanana naye. Alama ya dole gumba ni dalili: haifanani na mpigakura, bali imetokana naye, kama moshi unavyotokana na moto. Nembo ya chama ndiyo aina ya tatu: husimama juu ya makubaliano ya watu. Nembo za vyama vya siasa vya Uganda, yaani basi la NRM, ufunguo wa FDC, jembe la DP na mwavuli wa NUP, ni michoro ya vitu tunavyovijua sote, lakini siku ya kura hakuna anayeliona lile basi akafikiria safari.

Hapo jicho hufanya kazi mbili: kwanza hutambua kitu kilichochorwa, kisha akili hukumbuka kinasimama badala ya nani. Kazi ya kwanza ni ya mchoraji. Ya pili hufanywa na mikutano, fulana na mabango kwa miaka mingi, na mchoro hata ukiwa mzuri kiasi gani hauwezi kuifanya peke yake.

Mfano ninaouthamini zaidi, hata hivyo, haukuchorwa na mtu. Lori likiharibika kwenye barabara kuu, dereva au utingo wake hukata matawi na kuyapanga juu ya lami, hatua kadhaa nyuma ya gari. Anayekuja hayachukulii kuwa yameangushwa na upepo, kwa sababu yamewekwa kwa kupishana nafasi, mara nyingi mahali ambapo hakuna mti karibu, na mpangilio huo ndio unaoonyesha mkono wa mtu. Majani nayo yana habari yake: yakiwa mabichi, yamkini lori bado lipo mbele, yakinyauka, huenda limekwisha kuondoka na matawi yakasahauliwa. Usahaulifu huo ni hatari kubwa, maana humzoesha dereva kuyapuuza. Na usiku majani hayaakisi mwanga kama pembetatu ya tahadhari. Tawi hilohilo likifungwa mbele ya bodaboda baada ya ushindi wa mpira, ni shangwe. Kilichobadilika ni mahali na tukio. Jani ni lilelile.

Kwa hiyo, kabla bango la zahanati au la barabarani halijachapishwa, nasisitiza watu watakaolitumia waulizwe maswali mawili, moja baada ya jingine: unaona nini, na unaambiwa ufanye nini? Jibu la kwanza likikosewa, mchoro urudiwe. La kwanza likiwa sahihi na la pili likakosewa, kuchora upya hakutasaidia. Afadhali tuangalie bango litasimama wapi, lina rangi gani, na kama watu wamewahi kuelezwa maana ya alama ile.