"Si mnakwenda tu kurekodi wazee?"

Taarifa ya mwaka ya taasisi yetu ya utafiti haijamaliza hata wiki mbili tangu itoke, na maneno yamerudi yale yale. Wa kwanza anauliza: "Mwaka mzima mmekaa Newala siku 18. Siku 347 nyingine mlikuwa wapi?" Wa pili anamdakia: "Wazee wanakwisha, chukueni simu mkawarekodi, shida iko wapi?" Mmoja anatuona wavivu, mwingine anatuona wazembe, ila imani yao ni moja: utamaduni wa Kusini mwa Tanzania umejaa kinywani mwa mzee kama maji kwenye mtungi, na mtafiti kazi yake ni kukinga ndoo.

Nianze na hesabu. Siku 18 za uwandani kwa watu watatu zinaleta, tuseme, saa 42 za sauti. Nusu Kiswahili, nusu Chimakonde. Saa moja ya Kiswahili, kama jogoo hakuwika sana, huchukua saa 6 kunukuu, yaani kuandika kila kilichosemwa. Saa moja ya Chimakonde huchukua 15, kwa sababu unanukuu, unatafsiri, halafu unakaa na mzawa wa lugha mnapitia mstari kwa mstari. Kwa hiyo 21 mara 6 ni 126, na 21 mara 15 ni 315. Jumla saa 441. Mnukuzi hufanya saa 6 kwa siku, baada ya hapo masikio yanaanza kusikia yasiyosemwa. Hiyo ni siku 73 na nusu za kazi, wiki kama 15, na bado hakuna aliyeanza kuchambua chochote.

Kuhusu simu, kwa ufupi. Simu nyingi hubana sauti ili faili liwe dogo, na kinachopotea hakirudi. Tunarekodi WAV, faili lisilobana sauti, kHz 48, biti 24, chaneli moja: kama MB 518 kwa saa, yaani GB 22 hivi kwa safari nzima. Nakala tatu, na moja isilale kwenye jengo moja na nyingine. Maikrofoni ikae shibiri moja hadi moja na nusu kutoka mdomoni. Chini ya mkorosho kuna kivuli kizuri na upepo mbaya, na ndani ya nyumba ya bati mvua ikianza, zima mashine mnywe chai.

Vibali navyo nisivirefushe. Mtanzania wa chuo kikuu anabeba barua ya chuo chake, mgeni wa nje anapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Ukiruka ngazi moja, hiyo hiyo ndiyo itakayokurudisha. Na usinifungulie mjadala wa masurufu: mhasibu anataka risiti ya EFD, mashine ya kodi, kwa kila senti, na bodaboda wa kutoka Kitangari kuingia vijijini hajawahi kuiona mashine hiyo.

Sasa kalenda. Watu wanadhani tunachagua Julai na Agosti kwa sababu ya hali ya hewa. Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na mwezi Februari barabara ya Liwale si ya kuchezea. Oktoba hadi Desemba ni korosho: watu wanaokota, wanatenganisha na mabibo, wanaanika, wanapeleka ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, halafu wanasubiri mnada na malipo. Mwite mtu kwenye mahojiano ya saa mbili mwezi Novemba. Atakupa heshima zote na dakika 10. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, kwa hiyo fedha ikichelewa hadi Septemba, na huchelewa, unaangukia humo humo kwenye korosho. Hata Julai yenyewe si bure. Ni wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umelala na umande ungali majani, ili ishike. Mtu aliyeamka saa 10 usiku humhoji saa 3 asubuhi. Ungoje adhuhuri, ameoga, amekula.

Ila Juni hadi Agosti ina kitu ambacho miezi mingine haina. Mavuno ya chakula yako ndani, shule huwa na likizo ya katikati ya mwaka, na ndipo jando na unyago vinapofanyika. Vinafanyika, nasisitiza, havisimuliwi. Hapa ndipo ninapogombana na watu wa simu.

Muulize mzee yeyote wa Tandahimba: "Desturi zenu za jando zikoje?" Utapata hotuba. Nzuri, imepangika, ina mwanzo na mwisho, maana ameshawapa wanafunzi wa chuo, watu wa miradi na redio. Atakwambia wali, yaani watoto waliotiwa jandoni, hukaa porini miezi. Wakati anasema hivyo, mjukuu wake aliingia likizo ilipofunguliwa na akatoka kabla shule haijafunguliwa, na kukatwa alikatwa zahanati. Mzee hadanganyi. Umemuuliza kanuni, kakupa kanuni. Tatizo ni wewe unayerudi mjini na kuandika "Wamakonde hufanya hivi" kana kwamba uliona.

Swali linalofaa ni dogo na lina tarehe. Mara ya mwisho nyumba hii kutoa mwali ilikuwa lini? Waliingia wangapi? Ngaliba alikuwepo, au walipelekwa kwa mganga wa zahanati? Unga ulitoka kwa nani, debe ngapi? Nani aligharimia nguo za kutokea? Siku ya kutoka ngoma ilipigwa usiku gani, na nani hakuja? Kila jibu lina mtu na kipimo ndani yake, kwa hiyo unaweza kwenda nyumba ya tatu kulipima. Majibu mawili yakigongana, usifute moja. Mgongano huo mara nyingi ndio habari yenyewe: shangazi anasema alitoa debe mbili, mama wa mtoto anasema moja, na hapo umeanza kuona nani anadai nini kwa nani katika ukoo ule.

Kosa hili lina umri mkubwa kuliko simu. Mwaka 1906, Majimaji haijapoa, Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala na fonografu ya mitungi ya nta, mashine ya kunasa sauti ya zama hizo, pamoja na kamera ya filamu. Mtungi wa nta wa zama zile ulibeba dakika mbili tatu tu. Kwa hiyo wimbo unaoimbwa mpaka kunapambazuka ulikatwa ukaenea kwenye nta, na asiyejua atadhani ndivyo ulivyokuwa urefu wake. Leo tuna GB 22 na bado tunamwambia bibi, "tuimbie ubeti mmoja." Chombo kimekua, ombi limebaki la dakika mbili.

La pili linalonikera ni kisanduku kimoja kwenye hojaji: "Mkuu wa kaya." Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Sasa chukua nyumba ya kawaida tu. Shamba ni la ukoo wa mke. Mikorosho iliyomo ilipandwa na mume. Mume wiki hii yuko kwa mke mwenza. Posa ya binti inasubiri kauli ya mjomba, na mjomba anaishi Mtwara mjini, anapigiwa simu. Karani aliyefundishwa siku moja anauliza mkuu wa kaya ni nani, mama anajibu "mume wangu" kwa adabu, kisanduku kinajazwa, na miezi sita baadaye ripoti inasema ardhi hapo ni ya wanaume.

Halafu anatokea aliyesoma kidogo anakwambia: "Kusini ukoo ni wa mama, kwa hiyo wanawake ndio watawala." Hapana, tena hapana. Ukoo kufuata mama maana yake ni kwamba mtoto anarithi jina na haki kupitia mama. Mwenye kauli mara nyingi ni kaka wa mama, naye ni mwanamume. Na korosho imeivuruga habari hiyo zaidi. Mhogo unang'olewa, mkorosho unadumu miongo. Baba aliyepanda miti 100 anataka iende kwa watoto wake, si kwa watoto wa dada yake, na kwa Waislamu sheria ya mirathi inampa hoja. Ndiyo maana unaweza kukuta ardhi inahesabiwa kwa njia moja na miti iliyo juu yake kwa njia nyingine. Kwa hiyo tumekivunja kisanduku kile vipande vinne: nani alilala hapa jana, nani wanakula chungu kimoja, ardhi ilitoka kwa nani, miti alipanda nani. Hojaji inaongezeka dakika 20. Wachambuzi wa takwimu wanalalamika. Walalamike.

Kwenye unukuzi kuna ugonjwa mwingine, wa kusahihisha. Msemaji kasema "njomba, nchele wa ntoto umekwisha." Mnukuzi mwenye daraja la kwanza la Kiswahili anaandika "mjomba, mchele wa mtoto umekwisha," anajiona kafanya hisani. Kaua vitu viwili. Kwanza, ile n ndiyo Kiswahili cha Kusini chenyewe, m- ikifuata konsonanti inayokuja mbele yake, ndiyo maana wenyeji wanasema Ntwara. Pili, "njomba" huku huitwa hata rafiki uliyekutana naye stendi. Ukiigeuza kuwa "mjomba," msomaji wa Dodoma atachora mti wa ukoo ambao haupo. Kanuni yetu: mstari wa kwanza kama kilivyosikika, wa pili Kiswahili sanifu, wa tatu maelezo. "Kolosho" inabaki kolosho mstari wa kwanza. Toni ya Chimakonde na Chiyao nayo tahajia yetu ya kila siku haiioneshi, kwa hiyo sauti haifutwi hata baada ya maandishi kukamilika.

Yapo ambayo vitabu vya mbinu huyapitia haraka, na mimi bado hayajanikalia sawa. Posho ni moja. Ukimlipa mtu, kesho yake wanajitokeza wataalamu wa mila kumi. Usipomlipa, umemtoa shambani saa mbili kwa faida yako. Tunatoa sukari na sabuni, sawa kwa kila mtu, mwisho wa mahojiano na bila kutangaza mwanzoni, nami sijaridhika nalo, maana kijiji kinajua tangu siku ya pili. Jingine ni nyimbo za unyago. Nyakanga, kiongozi wa unyago, anakubali, anaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, lakini wimbo si wake peke yake, na wali hawakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inanisaidia kuhusu majina, sura na sauti za watu. Kuhusu siri ya kundi zima la wanawake hainifikishi mbali. Kwa sasa rekodi hizo anazichukua mtafiti mwanamke, zinanukuliwa na mwanamke, na faili linafungwa. Anayelitaka anaandika barua, na barua inasomwa kijijini kabla ya kujibiwa. Tumeshakataa maombi mazuri kwa sababu hiyo, na moja linaniuma mpaka leo kwa kuwa nadhani tulikosea.

Hizo siku 347, basi, ndimo zinamopita: barua, majaribio ya hojaji kwenye kitongoji kimoja kabla ya vingine, unukuzi, kupitia upya, kufunga mafaili, na marejesho kijijini. Marejesho ni siku mbili kwa kila kijiji, mwisho wa Mei, salfa haijaanza. Tunasoma kwa sauti barazani, aya kwa aya, bila majina. Mwaka jana kijiji kimoja kilitufutia ukurasa mzima kuhusu nani alianzisha kisima, na ukurasa uliochukua nafasi yake una matoleo matatu ya kisima hicho, kila moja na ukoo wake. Wenye toleo la nne wameshatuma salamu kwamba Mei watakuwepo.