Anthropolojia na Waswahili: dhana potofu na ukweli

Mwanafunzi wa Mombasa akisema nyumbani kwamba anakwenda chuoni kusoma anthropolojia, yaani taaluma inayomchunguza binadamu na jamii zake, swali la kwanza huwa ni kazi gani atapata, na la pili huwa kama atakuwa akifukua mifupa. Kufukua ni kazi ya tawi moja tu, akiolojia. Katika mfumo uliokua zaidi Marekani, taaluma hii ina matawi manne: la utamaduni na jamii, la kibayolojia, la lugha, na hilo la akiolojia, ambalo Uingereza mara nyingi hufundishwa peke yake. Dinosaria hawamo katika tawi lolote, kwa kuwa walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, kabla binadamu hajakuwapo.

Wengine hudhani kwamba tawi la kibayolojia linafundisha kuwa binadamu amezaliwa na sokwe. Linachosema ni kwamba binadamu na sokwe wana mhenga mmoja wa zamani, ambaye hakuwa huyu wala yule.

Ipo pia dhana kwamba wanaanthropolojia huchunguza tu makabila ya mbali yaliyo "nyuma". Kihistoria dhana hii ina msingi, maana wakati wa ukoloni wengi wao walikuwa Wazungu wakiwaandika waliotawaliwa. Hata hivyo, Jomo Kenyatta alisoma taaluma hii London chini ya mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, na kitabu alichokichapisha mwaka 1938 kiliwahusu Wagikuyu, watu wake mwenyewe. Leo makuli wa bandari ya Kilindini, wauguzi wa wodini au wafanyabiashara wa Marikiti wanaweza kuwa mada ya utafiti wa namna hiyo sawasawa na mtu yeyote wa kijijini.

Dhana inayosumbua zaidi hapa Pwani ni ile ya asili ya Waswahili. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, na wenyeji wakaingia baadaye kama watumishi. Uchimbaji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha mambo tofauti: chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikianzia karne ya 8, na vigae vilivyoizunguka vilikuwa kwa wingi vya vyungu vya kienyeji. Mji ulikulia papo hapo, hatua kwa hatua. Isimu nayo inakiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki la lugha za Kibantu, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, hata kama msamiati wake umekopa sana kutoka Kiarabu.

Mwaka 2023 ulipochapishwa utafiti wa vinasaba (DNA) vya watu 80 wa kale, wakiwamo waliozikwa Mtwapa, kila upande ulidai umeshinda. Matokeo yenyewe hayakumpa yeyote ushindi. Wengi wa waliozikwa katika miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya vinasaba kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa kutoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Asili ya Kiarabu iliongezeka baada ya takriban mwaka 1500. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, yaani Waswahili wanaosema wahenga wao walitoka Shirazi huko Uajemi, ambayo baadhi ya wasomi waliyaona kuwa ya kujitafutia hadhi tu, yalikuwa na chembe ya ukweli. Lakini hayo hayawapi wageni sifa ya kuijenga miji ambayo tayari ilikuwapo.

Kosa linalofuata ni kudhani kwamba vinasaba humwambia mtu yeye ni nani. Mifupa ile mingi ilitoka katika makaburi ya wenye hadhi, hivyo haiwasemei wavuvi na wakulima waliokuwa wengi zaidi. Tena vinasaba haviwezi kueleza kwa nini watoto wa baba Mwajemi walikua wakizungumza lugha ya Kibantu. Huenda mume alihamia kwa jamaa za mke, kwenye nyumba na biashara ya ukoo wake, desturi ambayo watafiti wa utamaduni wameikuta katika sehemu za Pwani na ambayo hadi leo iko hai kule Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro.