Helmeti ya bodaboda na mgongo wa farasi

Wengi Nairobi wanaoanza kumiliki farasi huamini helmeti yoyote inatosha, hata ya bodaboda. Ni wazo linaloeleweka: kichwa ni kilekile, na vifaa vya farasi si rahisi kwa bei.

Lakini helmeti ya pikipiki ni nzito, na mara nyingi hubana upeo wa macho. Ile ya kuendeshea farasi ni nyepesi, hushuka nyuma ya kichwa, na hujaribiwa kwa vitu vyenye ncha au ukingo, kwa kuwa kwato ni hatari kama ardhi yenyewe.

Ukiwa dukani, soma lebo ya ndani: tafuta alama ya kiwango cha usalama cha helmeti za farasi, ASTM F1163 (cha Marekani) au PAS 015 (cha Uingereza). Kisha vaa helmeti na utikise kichwa kabla ya kufunga mkanda; ikicheza, iache. Ya mtumba mimi singenunua, maana ikishapigwa vibaya hudhoofika bila ufa kuonekana.